Tarehe Iliyorudishwa Nyuma

Ijumaa, tarehe 14 Machi, saa kumi na robo alasiri, manyunyu yakigonga bati, dada alifungua kompyuta ya nyumbani ili atume maombi ya chuo cha uuguzi. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa saa kumi na mbili kamili jioni. Kando yake mdogo wake, binti wa miaka kumi na miwili aliyeitwa Kidole kwa kuwa hakuna kitu alichokipita bila kukigusa, alikuwa akipiga pasi sare.

Alama ya waifai ilikuwa kamili, lakini kila ukurasa uligoma: “Muunganisho si salama.” Dada alizima ruta, akaiwasha. Aliandika nywila upya, herufi kwa herufi. Wapi.

Baba alimwita fundi wa kompyuta, naye akafunga kibanda chake akaja. Simu yake ilipata intaneti ya ruta hiyo papo hapo, lakini fomu ya chuo haikufunguka kwenye simu.

“Ruta ni nzima. Mgonjwa ni kompyuta,” alisema. “Kidole, hujagusa kitu?”

“Sijagusa.”

“Basi leo itanyesha mvua ya mawe,” dada alitania, huku akitupia saa jicho.

Kidole aliinamia pasi yake. Jumapili iliyopita, siku za kujaribu bure mchezo wake wa kompyuta zilipokwisha, alikuwa amerudisha tarehe ya kompyuta nyuma miezi miwili ili aendelee kucheza bure. Hakujua kama hilo ndilo kosa, hakuthubutu kuuliza. Fundi aliondoa programu ya waifai, akaiweka upya, akaiondoa tena.

Ilipofika saa kumi na moja na dakika ishirini, fundi alishusha pumzi. “Imebaki kufuta kila kitu na kuanza upya. Leo hatuwahi.”

Dada alifunika uso kwa viganja. Pasi ilibaki juu ya kola mpaka ikanuka moto.

“Fundi,” Kidole alisema, “nilibadilisha tarehe.”

Fundi alitazama pembe ya skrini, akaguna. “Kurasa zenye ulinzi hubeba hati yenye tarehe. Kompyuta inayoishi Januari itaikataa hati iliyotolewa Februari. Nami natibu mguu, kumbe linalouma ni jino.” Akasahihisha tarehe. Maombi yalipokewa saa kumi na moja na dakika arobaini na nane.

Baba hakupaza sauti. “Kuchezea tarehe lilikuwa kosa dogo. Neno ‘sijagusa’ ndilo lililotaka kumpotezea dada yako mwaka mzima. Kosa lililosemwa mapema hutengenezeka. Lililofichwa huwaangukia wasiohusika. Fundi naye umempotezea saa nzima. Utamlipa saa nzima.”

Jumamosi asubuhi Kidole alifika kibandani, akafuta vumbi kwenye kibodi kumi na tisa. Saa ilipotimia, alishika ya ishirini.

“Iweke chini,” fundi alisema. “Deni lako limekwisha. Nenda nyumbani.”