Beleshi la Marehemu

Aliyenisimulia ni Hilkka, jirani yangu, na si mtu wa porojo. Kabla ardhi haijaganda alisafisha beleshi la marehemu mumewe, akalichomeka kwenye ndoo ya mchanga wenye mafuta lisishike kutu, akafunga banda kwa kufuli. Theluji ikaanguka.

Jioni moja, giza totoro, akasikia bandani: kwacha, kwacha, ptu! Akampigia dadake simu.

"Panya hao! Au umemkumbuka mzee?"

"Panya gani anayetema mate viganjani kabla ya kuchimba, kama alivyozoea mzee?"

Akatoka na tochi. Theluji mlangoni haikuwa na hata unyayo mmoja. Alipofungua kufuli, sauti ikakatika. Beleshi lilikuwa palepale ndooni. Akalishika.

Mpini ulikuwa na joto, na mate juu yake yalikuwa bado hayajaganda.