Nthenya Akataa Kubebwa

Kila asubuhi, katika mtaa wa Kianda, Musau, au Baba Kanini kama majirani walivyomwita, alipika uji, akamkanda mkewe miguu kwa maji moto, kisha akamfunika blanketi mbili. Nthenya hakuruhusiwa kuinua hata kikombe. Musau, aliyekuwa seremala, alimpenda mkewe kupita kiasi, na mapenzi yenyewe yakamfunga kitandani.

Nthenya alikuwa na ugonjwa wa neva uitwao MS. Hauambukizi, lakini hulegeza miguu na kuchosha mwili upesi. Fujo za uchaguzi zilipopamba moto, Januari 2008, Musau alimbeba mgongoni hadi mtaa jirani wa Ayany. Walinusurika. Lakini Nthenya alilia njia nzima kwa aibu.

Utulivu uliporudi, kanisa lilitangaza mbio za akina mama mwezi wa nane.

"Nitakimbia," Nthenya alisema.

"Ukianguka je?"

"Nitaamka. Na fujo zikirudi, utanibeba mara ngapi?"

Musau alitoka nje. Akamwita jirani yao Seline, mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika kliniki alikotibiwa Nthenya. Seline aliona blanketi, akacheka.

"Baba Kanini, unamchemsha bibi! Joto ndilo linalomlegeza zaidi. Na misuli isipotumika inaisha nguvu."

"Kwani mtu wa MS anaweza kushindana?"

"Alishamuuliza daktari, naye amekubali. Aanze polepole, asubuhi kukiwa na baridi, na kitambaa chenye maji baridi shingoni. Apumzike kabla hajachoka kabisa. Ugonjwa ukizidi, asimame, aje tumwone. Si wewe ni seremala? Bandu bandu huisha gogo."

Wiki ya kwanza, Nthenya alifika mlango wa jirani akishikilia kiti. Mwezi wa tatu wa mazoezi, akafika barabarani bila kushika kitu. Musau alimfuata nyuma, mikono wazi kama anayekamata kuku.

"Toka huko nyuma! Mimi si mtoto," Nthenya alimtania.

Siku ya mbio, wenzake walikuwa wamemaliza alipokuwa katikati ya uwanja. Mguu wa kushoto ukaanza kuburuzika. Musau akaruka, akachutama mbele yake.

"Panda, mama."

Nthenya alimshika bega. Akavuta pumzi, akahesabu hadi ishirini. Kisha akampita. Alitembea, akakimbia kidogo, akatembea tena, akavuka mstari wa mwisho. Vigelegele vikapaa.

Akageuka. "Baba Kanini, bado umechutama? Inuka twende nyumbani."

Alipokwisha kupumzika, walirudi Kianda kwa miguu, polepole. Safari hii Musau ndiye aliyelia njia nzima, wala hakuona aibu.