Gauni la Kipaimara na Upepo wa Kamachumu

Violeth wa Nshambya alikuwa bingwa wa mvua, na hakuona sababu ya kulificha jambo hilo. Nyumba yao pale Bukoba ilikuwa upande wa chini, njiani mwa maji yote ya mlimani yanayokimbilia ziwani. Mawingu yakianza kukusanyika, hakuna aliyengoja kuambiwa la kufanya. Mama alikunja mkeka, kaka yake Gozbert alichukua jembe akazibue mfereji nyuma ya nyumba, na Violeth alipandisha vitu. Magodoro yalikwenda juu ya meza, mfuko wa unga juu ya kabati. Viatu, madaftari, redio, hata kuku aliyekuwa akiatamia mayai, wote walipata nafasi huko juu. Maji yalipoingia sebuleni yalikuta sakafu tupu, yakazunguka kidogo kama mgeni aliyekosa kiti, yakatokea mlango wa nyuma.

Majirani walimsifu. Mama alimsifu. Naye Violeth alizisimulia sifa hizo kila alipopata mtu wa kumsikiliza. Sasa mtoto wa namna hiyo ukimpeleka kwa watu wengine, tena msimu wa mvua, usitegemee kwamba atakaa kimya.

Shule zilipofungwa mwezi wa kumi na mbili, Mama alimtuma Kamachumu, kule Muleba, kwa shangazi yake Anatolia. Binti wa shangazi, Joviana, alikuwa apate kipaimara Jumapili, na kazi zilikuwa nyingi. Mama na Gozbert wangefuata siku yenyewe. Violeth alipakia begi lake, na juu kabisa akalaza gauni lake jipya jeupe lenye maua madogo kifuani. Lilinunuliwa kwa ajili ya Krismasi, lakini alibembeleza mpaka akaruhusiwa kulivaa kwanza kwenye kipaimara. Nusu ya mtaa ilikuwa imekwisha kulitazama.

Alipofika alimkuta mume wa shangazi, ambaye kwa heshima ya Kihaya aliitwa Ta Rwekaza, yuko juu ya paa akipanga viroba vya mchanga kwenye mabati. Violeth alicheka mpaka akashika tumbo. Akamuuliza Joviana kama huku watu hulala na mchanga kichwani.

Joviana, ambaye alimzidi miaka miwili na hakuwa mwepesi wa kukasirika, alimweleza vizuri. Kwao maji hayakuwa na shida, kwa sababu wako juu na maji hushuka bondeni bila kupiga hodi. Shida yao ni upepo. Unatoka ziwani, unapanda mlima kwa nguvu, na ukifika unataka kuondoka na kitu. Ndiyo maana mabati yanakandamizwa kwa mchanga na kufungwa kwa waya, na migomba yenye mikungu mizito inaegemezwa miti yenye panda isianguke.

Violeth alisikiliza nusu. Nusu nyingine alikuwa anasimulia jinsi alivyomwokoa kuku.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, Shangazi Anatolia alijiandaa kwenda kanisani kusafisha na kupamba pamoja na akina mama wenzake. Gauni la Joviana lilikuwa limetundikwa ukutani kwenye chumba cha wasichana. Lilikuwa jeupe, la mikono mirefu, limeshonwa na fundi Benadetha wa pale jirani, na shangazi alikuwa amelipia kitambaa chake kidogo kidogo tangu msimu wa kahawa. Akiwa mlangoni aligeuka.

"Mkiona upande wa ziwa umekuwa mweusi, teremsheni kila kitu," alisema. "Gauni liingie kwenye tranka, na tranka liingie chini ya kitanda. Mmenisikia?"

Wote wawili waliitikia kwamba wamesikia.

Ziwa halikuchelewa kuwa jeusi. Kutoka pale mlimani walilitazama likifutika polepole, visiwa kwanza, kisha ufuko, kisha miti ya bondeni. Ta Rwekaza aliita kutoka kwenye kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, akitaka msaada wa kuwaingiza mbuzi. Joviana alikunja gauni, akalitia kwenye mfuko wa nailoni, akalifungia kwenye tranka, akalisukuma chini ya kitanda na kukimbilia nje.

Violeth alibaki chumbani peke yake. Matone ya kwanza yalipogonga bati, mikono yake ilianza kuwasha. Alikitazama kitanda. Gauni la kipaimara chini ya kitanda, kwenye sakafu, na mvua yenyewe ndiyo hii! Hawa watu hawajui mvua, aliwaza kwa huruma. Alilivuta tranka, akatoa mfuko wenye gauni, akapanda kitandani na kuufunga kwenye kenchi, juu kabisa karibu na mabati, mahali ambapo maji yoyote duniani yasingefika. Akalifunga tranka, akalirudisha lilipokuwa. Alitoka pale anatabasamu, na kichwani alikuwa amekwisha kuanza kupokea shukrani.

Upepo ulifika kabla Joviana hajafunga mlango vizuri. Ta Rwekaza aliwakusanya sebuleni, mbali na madirisha, akawaambia wakae chini na wasiguse kitu. Violeth alikuwa amezoea mvua inayoingia kwa miguu, kimyakimya, ikianzia kizingitini. Hii ilikuja kwa mabega. Nyumba ililia, milango ikatikisika, radi zikapiga mfululizo, na bingwa wa mvua akajikuta ameshika mkono wa Joviana kwa nguvu zake zote. Kisha kwenye chumba cha wasichana kulisikika mlio wa bati likikunjuka, na baada yake mwanga mkali wa mchana ukatokea chini ya mlango, mahali palipokuwa giza.

Upepo ulipopita, waliingia kuangalia. Bati la pembeni lilikuwa limeng'oka na kuondoka. Kitanda kimelowa, mbingu inaonekana. Sakafu ilikuwa na maji kidogo tu, ambayo tayari yalikuwa yanatafuta njia ya kutoka. Violeth aliinua macho kwenye kenchi. Kamba ilikuwepo. Mfuko haukuwepo.

Shangazi Anatolia alirudi ameloa, viatu mkononi. Aliulizia kwanza watu, halafu mbuzi, halafu gauni. Joviana alijibu kwa furaha kwamba liko salama, akainama na kulivuta tranka. Alilifungua. Lilikuwa na blanketi la zamani na daftari la nyimbo, basi.

Shangazi alitazama tranka, akatazama paa, akamtazama binti yake.

"Upepo unaofungua tranka na kulifunga tena, huo sijauona tangu nizaliwe," alisema.

Joviana aliapa kwamba aliliweka. Shangazi alimwambia asiape. Akasema kwamba uvivu wa kuacha gauni ukutani angeweza kuusamehe, lakini uongo, tena wa mtu anayekwenda kupiga magoti mbele ya altare keshokutwa, huo unamtia uchungu. Machozi yakamtoka Joviana. Alilia kama mtu anayesema kweli na haaminiwi, na kilio hicho hakina mfano.

Violeth alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Hakuna aliyemtazama na hakuna aliyemuuliza. Angenyamaza, mambo yangeishia kwa Joviana, na yeye angebaki bingwa wa Nshambya. Alitamani mvua irudi.

"Shangazi," alisema, "Joviana aliliweka. Mimi ndiye niliyelitoa. Nililifunga juu kwenye kenchi, nikidhani maji yataingia."

Ta Rwekaza alikohoa, akageukia dirishani, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Basi umefaulu, waitu, mwenzetu," alisema alipoweza kusema. "Maji hayakulifikia."

Shangazi hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda kilicholowa, akamvuta Joviana, akamwomba radhi mbele ya wote kwa kumwita mwongo. Kisha akamwambia Violeth avae kandambili, wakalitafute gauni kabla giza halijaingia.

Walitafuta kibanja kizima. Joviana hakumsemesha, na Violeth hakumlaumu. Migomba mingi ilikuwa imesimama imara na miti yake, lakini kwa jirani yao Ta Kyaruzi, mzee aliyekuwa akiahirisha kuegemeza migomba yake kila siku, ilikuwa imelala chini kama watu waliochoka na safari. Mzee mwenyewe alikuwa katikati yake na panga mkononi, akikata mikungu iliyoanguka. Alipowaona akawaita. Alisema ameona kitu cheupe kikishuka kutoka angani na kutua kwenye mgomba, akadhani ni malaika, akavua kofia kabisa, kumbe ni gauni.

Mfuko ulikuwa umechanika. Gauni lilikuwa limejiviringisha kwenye mgomba uliovunjika, na kifuani lilikuwa limelowa utomvu. Joviana aliligusa pale palipolowa, akaondoa kidole haraka. Hapakuwa na haja ya kuelezana. Mtoto yeyote wa Kagera anajua kwamba utomvu wa ndizi ukishika nguo nyeupe unageuka kahawia, na hapo hata ufue mpaka mikono ichubuke, hautoki.

Walilipeleka kwa fundi Benadetha. Alilitandaza mezani, akaligeuza, akanusa, akatikisa kichwa. Sketi ni nzima, alisema, mikono ni mizima, na mgongo pia. Kifua ndicho kimeharibika. Angekuwa na kipande cha kitambaa cheupe angekibadilisha na hakuna ambaye angejua, lakini cheupe kimemwishia, na akienda kukitafuta Bukoba kesho yake, akirudi hatakuwa na muda wa kushona.

Joviana alitazama chini. Violeth alisikia moyo wake ukimwambia neno, akajaribu kuujibu kwamba halijasikika, lakini moyo ukarudia. Alitoka mbio bila kuaga. Aliporudi alikuwa ameshika gauni lake la Krismasi, lenye maua madogo kifuani.

"Kata hili," alisema.

Benadetha aliuliza kama mama yake anajua. Shangazi alimuuliza kama amefikiri vizuri, maana mkasi ukishapita haurudi. Violeth alisema amefikiri, na kwamba Mama ataambiwa yote, na yeye mwenyewe ndiye atakayemwambia. Joviana akaongea naye kwa mara ya kwanza tangu mchana.

"Na wewe utavaa nini Jumapili?"

"Sketi ya shule. Ndiyo iliyobaki."

Mkasi ulipopita kwenye yale maua, Violeth alifumba macho. Alilia kidogo. Joviana alimshika bega, na hapo wakawa wamepatana.

Jumamosi yote Ta Rwekaza na majirani walipigilia bati jipya, huku cherehani ya Benadetha ikilia upande wa pili. Jumapili Joviana alipiga magoti mbele ya mchungaji akiwa na gauni jeupe lenye maua madogo kifuani, na akina mama wa kwaya wakanong'onezana kwamba Benadetha siku hizi ana mitindo. Violeth alikaa benchi la pili na sketi yake ya buluu. Gozbert, aliyefika na Mama kwa gari la asubuhi, alimuuliza kama leo ni zamu yake ya kupiga kengele ya shule. Mama hakuuliza kitu mpaka walipotoka nje. Violeth alimweleza yote, tangu kenchi mpaka mkasi. Mama akamwekea sawa kola ya shati.

Na chakula? Tangu nyumba ile ijengwe hapakuwahi kupikwa ndizi kiasi kile. Mikungu iliyoangushwa na upepo isingengoja, na kila jirani alifika na wake kichwani. Ta Kyaruzi peke yake alileta mitatu, akitangaza kwamba mwaka huu amechangia kuliko wote. Kulikuwa na maharage, samaki, na bakuli kubwa la senene wa kukaanga lililokwisha kabla ya sala ya chakula.

Watu walipokwisha kula, Shangazi Anatolia alimwita Violeth aketi karibu yake.

"Nataka ujue kosa lako ni lipi," alisema. "Kuweka gauni juu si kosa. Kwenu Nshambya ungefanya hivyo ningekusifu. Kosa ni kutouliza watu wa hapa kwa nini wanafanya wanavyofanya. Maji yana adabu zake na upepo una zake, na kila mahali watu wamejifunza kwa kupoteza vitu. Ukiuliza, unajifunza bila kupoteza. Lakini lile neno ulilolisema pale chumbani, hakuna aliyekulazimisha. Kusema kweli hakubadiliki, uwe Bukoba au uwe Muleba. Kwa hilo nakushukuru."

Violeth alizoea sana kusifiwa, lakini safari hii hakutafuta mtu wa kumsimulia. Alichukua sahani akaenda kuziosha.

Pasaka iliyofuata ilikuwa zamu ya Joviana kwenda Nshambya. Siku ya pili tu, mawingu yalikusanyika. Mama alikunja mkeka, Gozbert akachukua jembe. Joviana alisimama katikati ya sebule, begi lake kifuani, akatazama meza, kisha kupitia mlango wa chumbani akatazama uvungu wa kitanda.

"Violeth," aliuliza, "hapa kwenu ni juu au chini?"

"Juu," alijibu Violeth, naye tayari alikuwa amemkumbatia kuku. "Nipe begi, kisha unishikie huyu."