Gauni Jeupe Lisilo na Mifuko

Jioni ile nilikuwa nafunga cherehani yangu ili nimpelekee mdogo wangu sketi yake. Nilikuwa nimeipanua kiuno kwa mara nyingine. Ajabu ni kwamba mikono yake ilizidi kukonda huku tumbo likizidi kujaa, na maumivu yalikuwa hayamwachi tangu mvua zianze. Mama alishakata shauri.

"Katupiwa jini. Hospitali watampasua bure."

Akawa anamkanda kwa mafuta ya mganga. Mimi nikafyata mkia.

"Hodi..."

Sikusikia nyayo. Mlangoni alisimama mwanamke aliyejifunika uso kwa mtandio, amekumbatia kitambaa cheupe. Alinuka udongo mbichi.

"Nishonee gauni," alinong'ona. "Mifuko usiweke. Haina kazi."

"Mwenyewe yuko wapi nimpime?"

"Umeshampima."

Akanitajia vipimo. Mabega, mikono, kiuno... vyote vya mdogo wangu, nilivyovichukua asubuhi ile ile. Futi ikaniponyoka.

"Anatapika?" akauliza. "Choo kimefunga? Tumbo limekuwa gumu?"

Nilitoka mbio.

Mdogo wangu alikuwa sakafuni, mwili unawaka homa, anatapika maji ya kijani. Nikamgusa tumbo.

Gumu kama ubao.

"Dada... nakufa."

Mama alikaa mlangoni, akaapa hatutoki. Mungu anisamehe, nilimsukuma mama yangu mzazi nikapita.

Walimpasua usiku huohuo. Uvimbe ulikuwa umeziba utumbo.

"Tumbo linauma wiki nenda wiki rudi, mtu anakonda, na mmekaa tu nyumbani?" daktari alifoka. "Mngesubiri kukuche, mngeniletea maiti."

Nililia mpaka sauti ikakauka.

Mdogo wangu amepona. Sasa hivi ananitania kwamba nilimbeba kama gunia la mkaa, na nilishaanza kujiambia kwamba yule mwanamke ni hofu yangu tu. Lakini jana, jua linazama, nikiwa nakunja nguo za wateja...

Harufu ya udongo.

Alikuwa mlangoni na kitambaa kilekile.

"Yule hakulihitaji," alinong'ona. "Basi lipunguze urefu. Kiuno kiache hivyohivyo."

Nyumbani kwetu mfupi ni mmoja tu.

Nilikimbia hadi kiatu kikabaki njiani. Mama alikuwa jikoni, hajawasha taa, amejikunja kwenye kigoda na chupa ya mafuta ya mganga mkononi.

"Mama... tumbo?"

"Gesi tu, mwanangu," alisema, akigeuzia uso ukutani. "Ilinianza hata kabla ya mdogo wako."