Gari Lisiloombewa

"Volvo nyekundu imetoka Vårby gård," sauti ya Wilkister, mwenzake Mugambi katika idara ya ujasusi, ilikwaruza redioni. "Inaelekea mjini. Meli ya Riga inaondoka leo."

"Nani anaendesha?" Mugambi aliuliza, ingawa alijua.

"Norbert."

Mugambi, jasusi wa Nairobi aliyeishi Stockholm kama muuza vipuri, alikanyaga mafuta. Saab yake ikachomoka.

Norbert. Fundi Mkongomani aliyemsimamia siku ya harusi yake.

Kila Jumamosi walikuwa wakiifufua pamoja ile Volvo nyekundu, P1800 kuukuu. Wakakwangua kutu, wakafunga breki mpya, wakang'oa kila kilicholeta uzito ili itambe mtaani na kwenye mashindano. Sasa ilibeba ile dhahabu ya magendo kutoka Kivu iliyokuwa ikisakwa na idara, ya kununulia bunduki za kurudi kuwaua watu wa Kivu. Watu wa Norbert mwenyewe.

Iliuma kama jino bovu.

"Wekeni foleni ya magari mbele yake," aliamuru. "Msifyatue risasi."

"Foleni tu? Atatoroka."

"Hafiki mbali."

Feni ya rejeta, ya kupoza injini, waliing'oa wao wawili, gari liwe jepesi. Kwenye mashindano upepo ulitosha. Kwenye foleni hakuna upepo.

Karibu na Skärholmen mvuke ulifumuka chini ya boneti. Volvo ikajikokota pembeni, ikazima.

Mugambi alishuka, Glock mkononi. Aliingiza mkono dirishani, akagonga kwa kitako cha bastola mabomba ya chuma ya kumkinga dereva gari likipinduka. Bomba tupu hulia.

Haya hayakulia; yalijaa dhahabu.

Norbert alishuka, mikono juu, macho kwenye bastola. "Kumbe na wewe uko na siri, ndugu."

"Siri yangu haiui watu wa kwenu."

"Ulijua namna gani?"

"Hakuna gari lililowahi kutoka gereji yako bila kuombewa. Jana nilikuuliza Mama Célestine wa kanisani kwenu anakuja lini kuliombea hili, ukasema hakuna haja. Ndipo nikaagiza ufuatwe."

"Nilisikia haya mbele ya Mungu."

"Na mbele yangu?"



Polisi walipomfunga pingu, Norbert aliomba nafasi ya kusali. Akapiga magoti kando ya gurudumu, akamwombea Wangari, mke wa Mugambi, kwa jina, kama alivyofanya siku ya harusi. Mugambi alisubiri hadi mwisho.

Hakuitikia amina.

Alichomoa ufunguo wa Volvo, akamrushia polisi, akarudi kwenye Saab, akazima redio na kuondoka taratibu.