Dirisha la Nyuma la Gari-Nyumba

Kila Jumamosi asubuhi Bénita alifagia uwanja wao mtaani Katoyi, mjini Goma, akateka maji, na siku hizi akaosha na gari. Mama yake, Julienne, alikuwa mfanyabiashara wa samaki. Wiki mbili zilizopita alilinunua kwa mgeni aliyekuwa akirudi kwao: gari-nyumba kuukuu lenye vitanda viwili, jiko dogo na madirisha manne. Alichoka kulala vyumba vya kukodi kila alipokwenda Vitshumbi kununua samaki. Tatizo lilikuwa kitasa cha mlango, ambacho hata kijiko kingekifungua.

Jumamosi hii Mama alimwita Charline, fundi wa umeme wa magari, ambaye alileta kengele za wizi za aina tatu. Moja ilihisi chochote kinachojongea ndani ya gari. Mama akauliza kama ingelia yeye mwenyewe akigeuka kitandani, na Charline akakubali kwamba ingelia. Nyingine ilihisi mtikisiko, lakini Goma ardhi hutetemeka yenyewe kwa ajili ya volkano, na majirani wangehama kwa kelele. Ya tatu ililia pale tu mlango au dirisha linapofunguliwa. Mama alichagua hiyo.

Charline akashughulika na nyaya za batri, na Bénita akapewa madirisha. Kila moja lilihitaji sumaku ndogo kwenye kioo na kisanduku kidogo kwenye fremu. Vikiachana, kengele hulia. King'ora kilikuwa bado kimezimwa, lakini kisanduku kingewasha taa nyekundu wakati wa kujaribu.

“Futa kwanza kwa spiriti, ngoja pakauke,” Charline alimwelekeza. “Vumbi letu hili jeusi halishiki gundi. Bandika, bonyeza ukihesabu hadi sitini, kisha fungua dirisha uone taa. Ukiiona, tia alama ya vema kwenye karatasi.”

Madirisha matatu Bénita aliyafanya vizuri. Alipofika la nyuma, juu ya kitanda, rafiki yake Bénie alitokea kwenye lango na wasichana wengine. Walitaka kucheza nzango, mchezo wa wasichana wa kuruka na kurusha miguu, na walipungukiwa mtu mmoja.

“Bénita, umeolewa na gari?” Bénie aliuliza. Wenzake wakacheka.

Bénita alipangusa vumbi kwa kiganja, akabandika sumaku na kisanduku, akatia alama ya vema ya nne. Hakuhesabu. Hakufungua dirisha. Alikimbilia uwanja wa michezo na kikundi chake kikashinda mara mbili.

Aliporudi saa tisa alasiri, Mama alikuwa amekwisha kusoma karatasi. Alikuwa akimwambia Charline kwamba safari hii hatatafuta mlinzi kule Vitshumbi. Tena angemchukua Ézéchiel, mdogo wake Bénita, mwenye miaka minne.

“Atalala kitanda cha nyuma,” Mama alisema. “Mutu akigusa dirisha, nitasikia.”

 Bénita aliingia garini alirekebishe dirisha kimyakimya, lakini Mama alimfuata na blanketi, na Ézéchiel tayari alikuwa akirukaruka kitandani. Kesho alfajiri wangeondoka.

“Mama, dirisha la nyuma sikulijaribu.”

“Na hii alama ni ya nini?”

“Nilidanganya. Nilitaka kwenda kucheza.”

Mama alilifungua dirisha. Taa haikuwaka, kisanduku kilining'inia kwenye fremu kwa upande mmoja. Ézéchiel aliokota sumaku kando ya godoro, akauliza kama ni bomboni ya kumumunya.

 Mama alimkabidhi Bénita kitambaa na spiriti, akasimama pale mpaka Bénita alipomaliza kuhesabu hadi sitini. Kisha Charline akawasha king'ora, na Bénita akafungua dirisha.

Mlio ulipasua mtaa. Jirani yao Perpétue alitoka mbio akigonga sufuria kwa mwiko, kama watu wa mtaa wanavyoitana mwizi anapoingia. Nyua nyingine tatu zikamwitikia. Mama alizima king'ora, akamtuma Bénita aende nyumba kwa nyumba kueleza kwamba hakuna mwizi. Perpétue alimjibu kwamba mwizi wa saa tisa mchana angekuwa na dharau sana.

Bénita aliporudi, Mama alikuwa ameketi kwenye ngazi ya gari. Alimpisha nafasi.

“Ningemlalisha mutoto chini ya dirisha hilo kwa sababu niliamini mwandiko wako,” alisema. “Kucheza si kosa. Ungeniambia matatu tayari, moja bado, ningelimaliza mwenyewe kwa dakika mbili. Lakini kazi usiyoniambia kwamba haijakwisha siwezi kuimaliza.”

“Nimeelewa, Mama. Unisamehe.”

“Nimekusamehe. Ulisema kabla sijaondoka, na kusema kulikuwa kugumu, nimekuona.” Mama alisimama, akakung'uta sketi. “Sasa tuujaribu mlango. Waambie kwanza majirani.”