Gauni la Datin

"Vuta pumzi kidogo, Datin, litaingia tu."

"Haliingii, Dada Piah!" Salbiah akalalamika. "Limekwama mabegani. Umenipima mimi au umempima binti yangu?"

Piah, fundi cherehani, akacheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Gauni lilikuwa la songket ya kijani yenye nyuzi za dhahabu, kitambaa kilekile alichokatiwa Mokhtar, mumewe Salbiah. Kesho Mokhtar angeingia kasri akiwa mtu wa kawaida, atoke akiwa Dato', cheo cha heshima anachotoa Sultani. Mke wa Dato' ni Datin. Salbiah alikuwa amelingoja jina hilo kama mtoto anavyongoja Idi.

"Vipimo aliniletea mumeo mwenyewe," Piah alisema taratibu.

Simu ya fundi ikatoa mlio wa ujumbe juu ya cherehani. Salbiah aliusoma kabla ya mwenyewe:

"Dada Piah, gauni langu tayari? Dato' ananipitia kesho saa moja asubuhi. Datin Mastura."

Nyumbani Salbiah alimkuta Mokhtar mbele ya kioo, anajaribu kofia yake nyeusi.

"Mastura ni nani?"

Kofia ikamponyoka.

"Biah, punguza sauti, majirani watasikia."

"Majirani nimewaalika mia tatu! Mastura ni nani, Abang, mume wangu?"

"Mke wangu. Tulivuka mto wa mpakani mwaka jana, tukafunga ndoa Golok, upande wa Siam."

"Mwaka jana! Ndiyo ile safari ya kununua mchele?"

Mokhtar akaiokota kofia.

"Sikiliza, Biah. Kadi ya mwaliko wa kasri inaruhusu mke mmoja tu. Wewe una sauti ya sokoni. Mwenzako amesoma, anajua kukaa na wakubwa. Lakini hapa nyumbani watu watakuita Datin, nani atakukataza?"

"Sauti ya sokoni ndiyo iliyouza wali miaka kumi na tano mpaka ukapata lori la kwanza! Leo inakutia aibu? Toka mbele yangu!"

Asubuhi, saa tatu, Salbiah alikuwa uani anakoroga mchuzi wa nyama ya ng'ombe kwa ajili ya wageni. Macho yalikuwa yamemvimba, na si kwa moshi. Simu ikaita. Alikuwa Mokhtar.

"Biah, mama watoto, chukua kitambulisho chako! Dereva anakuja kukuchukua."

"Kuna nini?"

"Askari wa getini wamemkataa Mastura. Orodha yao ina jina lako. Ile ndoa ya Golok sikuiandikisha huku. Kiti cha kando yangu kitakuwa kitupu, Sultani ataona!"

Nyuma ya sauti yake mwanamke alikuwa anapiga kelele: "Uliniambia umeandikisha! Mwongo mkubwa wewe!"

Moyo wa Salbiah uliruka. Aseme ndiyo tu, na saa moja ijayo angekuwa Datin mbele ya Sultani. Akautazama upawa mkononi mwake.

"Mchuzi wangu utaungua," akajibu, akakata simu.

Adhuhuri Mokhtar alirudi peke yake, nishani inang'aa kifuani. Wageni wakasimama.

"Hongera Dato'! Datin yuko wapi? Datin, njoo tukupige picha!"

Mokhtar akamfuata Salbiah kwenye masufuria, tabasamu limemganda usoni.

"Simama nami, Datin wangu, watu wanatazama," akanong'ona. "Yule nitamwacha, naapa."

"Nilisimama na Mokhtar miaka ishirini na sita," Salbiah akasema kwa ile sauti yake ya sokoni, ua mzima ukasikia. "Dato' simjui. Jana nilikuta ameshonesha gauni la Datin kwa vipimo vya mwanamke mwingine. Basi jina hilo mpelekee mwenye gauni. Mimi naitwa Salbiah, na sasa hivi naenda kwa kadhi."

Akavua aproni, akamtia upawa mkononi. Nyuma ya Mokhtar foleni ya wageni wenye sahani tupu ilikuwa imefika hadi getini.

"Wapakulie, Dato'. Wana njaa."